Kifua Hakifuliwi

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kamba zangu tatu, misumari ya inchi nne.
Alhamisi ndiyo siku yangu kubwa:
kanzu kumi na tisa, ishirini na mbili,
zote zinataka kuiona Ijumaa
zikiwa nyeupe kama tui la kwanza.

Mimi upepo siusikilizi. Nausoma kwenye kola.

Umande ukivuma kutoka bara
shingoni huja unga wa kijivu, laini,
wa malori ya mawe yasiyofunikwa turubai.
Ukiupangusa ndiyo umeukaribisha,
unaingia ndani ya uzi
kama umbeya ndani ya nyumba ya watu.
Upepo ukigeuka, huja vidoa vyeusi vyenye mafuta:
pikipiki za pale kwa fundi Semboja,
anazitia oili chafu, anasema zinakwenda.
Zinakwenda, ndiyo.
Na saa kumi na moja jioni, plastiki.
Jirani yangu Mwanamkasi anachoma taka,
chupa, mifuko, pampasi, kandambili iliyokatika,
maana gari la taka tulilionea mfungo sita.
Simlaumu sana. Azitie wapi?

Maalim Hoza alinirudishia kanzu mara mbili.
"Hii umeifua, au umepigia deki?"
Nikafua tena. Ndimu, buluu kidogo, jua.
Likatoka.
Miaka ishirini na saba, doa halijanishinda
ila moja.

Mishi ana miaka sita.
Usiku ule alipumua kama pampu ya baiskeli iliyochoka,
mbavu zinaingia, zinatoka,
nikambeba mgongoni mpaka Bombo.
Nesi Kilua akamvisha kikombe cha mvuke
na wala hakuniuliza habari za malori.
"Kazi yako, baba?"
Dobi.
"Pasi ya umeme?"
Ya mkaa.
"Unapigia wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

Chumbani.
Mtoto kalala mkekani, mkaa unapumua mezani,
na dirisha nimelifunga mwenyewe, nimeziba hata ufa kwa gazeti,
vumbi lisije likagusa kanzu za watu.

Kufua na kifua vimepishana herufi moja.
Miaka yote hiyo mikono yangu ndani ya povu
na herufi ile sikuiona.
Kanzu ikishika moshi, nitailoweka.
Kifua kikishika moshi
utakikamulia wapi? Utakianika kamba ipi?

Sasa pasi iko uani, chini ya bati.
Dirisha la upande wa bahari liko wazi mchana kutwa.
Jioni Mwanamkasi akiwasha, namwita Mishi aingie ndani;
siku hizi hawashi kila siku,
chupa anaziweka kwenye pipa langu la sabuni,
kijana wa chuma chakavu anazipitia.
Semboja amecheka tu.
Alicheka, halafu akauliza dawa ya mtoto ni bei gani.

Malori siyawezi kwa ndimu.
Basi nikatundika kitambaa kimoja cheupe, shubiri nne,
mwezi mzima, bila kukigusa.
Nikakikunja, nikakipeleka ofisi ya mtaa,
nikakikunjua juu ya meza ya mtendaji,
juu ya daftari lake la wageni.
Akakitazama. Akakinusa, akakunja uso.
"Si wewe ndiye dobi? Kifue."
Nikamwambia: hiki si cha kufua, bwana.
Hiki ni cha kusoma.

Kasema nikiache.
Bado kiko pale, nilipita juzi, kimewekewa kikombe cha chai juu.
Nimetundika cha pili.

Mishi jana alilala mpaka adhana.